Mwaka Mmoja wa Anyelo

Villa Altagracia,
9 Januari 2010

Kaka Radhamés,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya. Huku tuko wazima, ila goti langu la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nilikaa miaka kumi na moja kwenye cherehani. Na presha yako je? Zile dawa unazimeza, au unazitazama tu? Anyelo anaomba baraka ya mjomba wake.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikisema neno moja wewe unasema kumi, kadi inakwisha, na nilichokupigia bado kimenikaa kooni. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimempa Mercedita wa nyumba ya pili, anarudi huko New York Jumanne.

Habari yenyewe ni hii. Timu mbili za besiboli za huko kwenu zinamtaka mtoto. Ya kofia nyekundu imemtuma msaka vipaji wake mara tatu, mzee mmoja mpole anayekula kila anachopewa, naye amesema watatoa dola laki tatu tarehe mbili Julai, siku vijana waliofikisha miaka kumi na sita wanaporuhusiwa kusaini. Ya kofia ya buluu haijatamka kitu, lakini Fausto, kocha wa Anyelo, anasema tukikaza kamba watafika laki saba. Fausto ana fungu lake humo, kwa hiyo yeye kamba ataikaza mpaka ikatike.

Mimi nasema tuchukue laki tatu tumshukuru Mungu. Mtaka yote hukosa yote. Halafu tuseme ukweli, Radhamés, mtoto hajacheza hata mechi moja ya maana. Anakimbia, anarusha, anadaka mipira ya mbali, sawa, naona mwenyewe. Lakini hajasimama hata siku moja mbele ya mtu mzima anayemrushia mpira kwa nguvu zake zote. Wale watu wananunua mbuzi kwenye gunia. Na mtu akinunua mbuzi kwenye gunia kwa bei ya ng'ombe, siku ya kulifungua atamlaumu nani? Atamlaumu mbuzi.

Fikiria kabla ya kunijibu. Msalimie wifi yangu Ivelisse.

Dada yako,
Nurys


New York,
24 Januari 2010

Nurys mdogo wangu,

Salamu zimefika na baraka nimezipeleka. Mungu amkuze mpwa wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa chini, chumba cha boila, maana katika jengo zima hili ninalolitunza huko ndiko kwenye joto. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Dawa nameza. Muulize Ivelisse, ndiye anayenisimamia kama polisi.

Sasa usikasirike. Barua yako niliwasomea watu kwa kinyozi, kwa Bienvenido. Sikukusudia, ila hoja ya mbuzi ilinichekesha. Basi ukawa ugomvi wa Jumamosi nzima. Bienvenido yuko upande wako. Anasema timu yoyote inayompa mtoto zaidi ya laki moja kabla hajacheza mchezo wa kulipwa imerogwa. Akamtaja kijana mmoja wa Azua aliyepewa milioni nzima, leo anauza vocha za simu mbele ya kituo cha mafuta. Alipewa ya nini? Walimwona anapiga mipira mazoezini, inaruka ukuta, wakachanganyikiwa.

Nikamwambia, wewe Bienvenido, nyoa vichwa, mambo ya hesabu waachie wengine. Timu inachukua vijana kumi. Tisa wanapotea. Mmoja akisimama, analipia wale tisa na faida juu. Na huyo mmoja, akishaingia, miaka sita mizima wanamlipa wanavyotaka wao. Mtoto anapata nafasi moja tu ya kutaja bei, nayo ni pale mlangoni. Akivuka, wao ndio wanaotaja. Kwa hiyo mtu akikuuliza bei ya kitu ambacho hata yeye hajui thamani yake, unamhurumia ya nini? Laki saba, Nurys. Mwambie Fausto akaze.

Kaka yako,
Radhamés


Villa Altagracia,
21 Februari 2010

Kaka,

Natumaini baridi imepungua na nyinyi wawili mko salama. Sisi hatujambo. Mtoto ameongezeka kimo, suruali ya Krismasi inamwonyesha vifundo vya miguu.

Ya kusomwa kwa kinyozi nimekusamehe, kwa kuwa Bienvenido ana akili kuliko wewe. Wiki iliyopita kofia nyekundu walimkimbiza yadi sitini, wakatazama saa zao, wakatazamana. Akakimbizwa tena, wakidhani saa zimekosea. Fausto akaja hapa anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Sasa nyekundu wanasema laki tano.

Mimi naona kichekesho. Nilipoingia kiwandani nilizishona kofia za timu hizihizi, nyekundu na buluu, herufi zao nazijua kwa vidole. Miezi mitatu ya kwanza walinilipa nusu mshahara, eti majaribio, mpaka nithibitishe mkono. Na mkono nilikuwa nao tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniambia, Nurys, chukua ya miaka sita kabisa, tunaiamini kesho yako. Haya, leo mwanangu hajathibitisha kitu, anamwagiwa pesa. Sikatai pesa, mimi si mwendawazimu. Naogopa tu kitu kinacholipwa kabla hakijawa.

Halafu kuna jambo nataka kuuliza. Fausto anasema baada ya Pasaka atakuja mchunguzi wa ligi kukagua karatasi. Anauliza majirani, anakwenda shuleni, anakwenda hospitali. Anatafuta nini hasa? Na akikuta kosa dogo inakuwaje? Nauliza tu.

Dada yako,
Nurys


New York,
9 Machi 2010

Nurys,

Salamu za Ivelisse zikufikie, amesema uache kujisumbua na goti hilo, uende kwa daktari. Mimi nipo, mzima kabisa.

Umeuliza mchunguzi anatafuta nini. Anatafuta wazee. Miaka ndiyo bei, unaelewa? Kijana wa miaka kumi na tisa akikimbia vile, watamwambia ahsante, nenda zako. Wa kumi na sita akikimbia vilevile, laki tano. Ndiyo maana watu wanachukua cheti cha kuzaliwa cha mdogo wao, cha binamu, hata cha marehemu. Hapa kwa kinyozi yupo mmoja ambaye kwa vyeti vyake alizaliwa baada ya mtoto wake wa kwanza. Wakikukamata na umri wa uongo wanakufungia mwaka mzima, na jina lako linaoza. Timu zinakukimbia kama una ukoma.

Lakini sisi hayo yanatuhusu nini? Nakumbuka mwaka wa tisini na tisa uliniandikia kwamba hatimaye umemwandikisha mtoto, nikakucheka kwa uvivu wako. Cheti cha Anyelo ni safi. Nimeshawaambia watu wote wa jengo hili, hata wale Wakorea wa ghorofa ya nne ambao hatuelewani lugha. Kofia nimenunua za rangi zote mbili, nisije nikaonekana nina upande.

Kwa nini unauliza?

Kaka yako,
Radhamés


Villa Altagracia,
Alhamisi Kuu, 1 Aprili 2010

Kaka yangu Radhamés,

Nakusalimu nikiwa jikoni, maharage matamu ya Kwaresima yako motoni. Leo sikuulizi afya kwanza, nisamehe. Nikianza na salamu nitazunguka tena, na nimeshazunguka miezi mitatu.

Cheti cha Anyelo kimedanganya. Nilikidanganya mimi.

Mama alipofariki, Oktoba tisini na nane, mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu, na Mama ndiye aliyekuwa akinilelea. Baba yake unajua alikwenda Puerto Rico, hajarudi mpaka leo. Nilimwingiza kiwandani siku mbili, nikamficha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Siku ya tatu alikohoa, msimamizi akasema nikimleta tena tutatoka wote wawili. Nilimwacha kwa jirani, nikamkuta barabarani peke yake, pale malori yanapopita. Shule ilikuwa inapokea wa miaka mitano. Yeye alikuwa ametimiza minne. Na nilikuwa sijamwandikisha, kama nusu ya mtaa huu. Nani alikuwa na siku nzima ya kupanga foleni? Basi nikachukua mashahidi wawili, tukaenda ofisi ya vizazi, na karani aliponiuliza kazaliwa mwaka gani, nikasema tisini na nne.

Ni tisini na tano, Radhamés. Mtoto ametimiza kumi na tano juzi, wiki mbili zilizopita. Kumi na sita bado.

Wenzangu wanapunguza miaka ili wauze. Mimi niliongeza ili nikashone. Lakini nani atanisikiliza? Uongo ni uongo, na daftari la wazazi la hospitali liko palepale. Nikisema, Julai hasaini, na huenda wakamfungia kama wale wengine, timu zikamkimbia, na kazi yake yote ya miaka minne uwanjani ikaishia hapo kwa kosa langu mimi. Nisiposema, atauzwa kwa karatasi ya uongo yenye sahihi yangu, na siku yoyote anaweza kuvuliwa kila kitu mbele ya watu. Mchunguzi anakuja tarehe kumi na tisa. Mtoto mwenyewe hajui. Fausto hajui. Unajua wewe tu.

Niambie la kufanya. Leo naomba kweli.

Dada yako,
Nurys


New York,
12 Aprili 2010

Nurys,

Nyamaza.

Mchunguzi anatafuta wazee, hatafuti watoto. Hakuna mtu duniani anayemkagua kijana kuona kama ameongezewa. Atatazama uso wa Anyelo, atasema huyu mdogo, atatia mhuri. Mwaka mmoja haujamuua mtu. Julai iko miezi mitatu mbele, akishasaini tutaona. Barua yako nimeichoma kwenye boila. Hii yangu ichome pia.

Sikukusalimu, najua. Sina salamu leo.

Radhamés


Villa Altagracia,
25 Aprili 2010

Kaka,

Tunaendelea vizuri, na ninataka uamini neno hilo maana safari hii silisemi kwa adabu tu.

Barua yako ilifika Jumatano. Mimi nilikuwa nimesema tangu Jumatatu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimketisha Anyelo nikamweleza yote. Akainuka, akaenda zake kulala. Asubuhi nikampata Fausto, nikamwambia naye. Huyo alisema mengi, nami sitakuandikia hata moja, kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango akajishika kichwa.

Mchunguzi alifika saa nne. Anaitwa Bwana Peguero, polisi mstaafu, mrefu, ana macho ya mtu ambaye hajadanganywa na mtu kwa muda mrefu. Nikampa kahawa. Akafungua faili, akaanza kwa upole, mama, mtoto alizaliwa lini. Nikamwambia cheti kinasema hivi lakini ukweli ni vile, na aliyedanganya ni mimi. Akashusha kikombe.

"Subiri kwanza. Umempunguza au umemwongeza?"

"Nimemwongeza."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya Mama, ya meza ya vitambaa, ya malori. Hakuandika chochote. Alipomaliza kunisikiliza akasema ana miaka tisa katika kazi hii, amekuta vijana waliopunguziwa miwili, mitatu, mmoja mitano, lakini aliyeongezewa ndiye wa kwanza. Akaniambia asinidanganye, uamuzi si wake. Watampiga mtoto picha ya mifupa ya mkono, watatafuta daftari la hospitali, kisha ofisi ya ligi itasema kama kuna adhabu au hakuna. Kusaini Julai hii, asahau.

Kofia ya buluu wameshajitoa. Nyekundu wamenyamaza. Ni majibu tunayongoja sasa, na sijui yatakuwaje. Lakini Jumatatu ile nililala saa mbili, nikaamka kumekucha. Sijalala hivyo tangu mtu wa kwanza alipompima mtoto mbio akiwa na saa mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na moja, na nilichoka, Radhamés.

Najua umenikasirikia. Niandikie hata hivyo.

Dada yako,
Nurys


New York,
9 Mei 2010

Nurys mdogo wangu,

Salamu za kweli safari hii, kutoka kwangu na kwa Ivelisse, na baraka mbili kwa Anyelo, ile ya siku zote na ile niliyomnyima mwezi uliopita.

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne Ivelisse aliniuliza mwaka ule wa tisini na nane ulipoandika kwamba huna wa kumwachia mtoto, mimi nilikutumia nini. Nikasema nilikutumia kitu, nakumbuka nilikwenda posta mwenyewe. Akasema ndiyo, ulimtumia koti la baridi. Nurys, nilikutumia koti la sufu kwenye joto la Villa Altagracia. Nikaketi chini kwenye boila peke yangu mpaka nikaona aibu hata ya kujionea huruma. Wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kumweka mtoto mpaka mchana, na mimi nakutumia koti. Sina haki ya kukwambia nyamaza. Nisamehe.

Nilikwenda kwa Bienvenido nikawaeleza wote, maana nilikuwa nimewatangazia wote. Nilitegemea wanicheke. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Halafu mzee mmoja aliyekuwa na sabuni kidevuni akasema, ngoja, yaani zile mbio za yadi sitini alizikimbia akiwa na miaka kumi na minne? Basi ndugu yangu, wakaanza upya. Bienvenido mwenyewe, yule wa laki moja tu, akasimama na wembe hewani akisema mtoto wa hivyo ni milioni. Nikamwambia kaa chini, hakuna anayejua. Jamani, mimi ndiye niliyesema hivyo. Wakanitazama kama nina homa.

Tunachotaka sasa ni wasimfungie tu. Ivelisse ameweka nadhiri kwa Bikira. Mimi nimeacha chumvi.

Kaka yako anayekuomba radhi,
Radhamés


Villa Altagracia,
20 Juni 2010

Kaka yangu mpendwa,

Chumvi unaweza kurudia, kidogo. Majibu yametoka.

Bwana Peguero alikuja mwenyewe, wala hakutuma mtu. Alisimama mlangoni akasema kabla hata hajakaa, "Mama, hakuna adhabu." Nikamshika mikono yote miwili, nikalia mbele ya mwanamume niliyemwona mara moja tu, na sikuona haya hata kidogo. Mifupa imesema kumi na tano. Daftari la hospitali limepatikana, ukurasa umeliwa na mende pembeni lakini tarehe ipo, na jina langu lipo. Cheti kitasahihishwa mahakamani, wakili anasema itafika Krismasi. Julai ya mwaka ujao Anyelo yuko huru kusaini na anayemtaka, kwa jina lake na kwa miaka yake.

Yule mzee wa kofia nyekundu naye alipita, akala sahani mbili za ndizi za kuponda, akasema watarudi. Bei hakutaja, nami sikuuliza. Fausto ameanza kutabasamu tena, anataja tarakimu ambazo hata siwezi kuzitamka. Namwacha. Mwaka huu mtoto anakwenda shule asubuhi, mazoezi jioni, usiku yuko kwangu. Nimepewa mwaka mmoja wa mwanangu ambao nilidhani nimeshauza, na kwa hilo, Radhamés, moyo wangu umetua kabisa.

Lakini kuna jambo sikukuandikia mwezi wa nne, kwa sababu nilikuwa naliogopa. Tangu usiku ule nilipomweleza, Anyelo hakunisemesha. Anaamka, anaomba baraka, anakula, anaondoka. Zaidi ya hapo, kimya. Nikajua ananichukia kwa ajili ya zile laki tano, na nikasema moyoni ana haki.

Unakumbuka alivyorudia darasa la nne? Alikuwa hawezi kusoma sawasawa na wenzake, hana nguvu, kila mchezo wa mwisho, mwalimu akaniita akaniambia mtoto wako ni mzito. Akarudishwa nyuma, na kwa kuwa cheti kilimfanya mkubwa kuliko darasa lote jipya, wakampa jina, Babu. Babu hivi, Babu vile. Hata mimi nilikuwa namwita hivyo nikitania. Hata wewe, kwenye simu.

Basi Peguero alipoondoka na yale majibu, nilimkuta mtoto uani anasugua viatu vyake vya mchezo kwa mswaki. Akaniuliza bila kuinua kichwa, mama, darasa la nne mimi nilikuwa na miaka mingapi, ya kweli? Nikahesabu. Minane. Na wenzangu? Tisa, nikasema, wengine kumi.

Akaweka kiatu chini. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani sasa ndiyo hasira yenyewe inakuja, nikajiandaa kuipokea. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka hapohapo, mtoto mrefu vile.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga, mama," akasema. "Nilikuwa mdogo tu."

Nimemwomba msamaha, amenisamehe. Sasa naandika huku namsikia ndani anasoma kwa sauti.

Dada yako,
Nurys